Mkaguzi Alipokuja Kumwona Baba

Daktari alisubiri baba atoke, akafunga mlango, ndipo akaniambia. Alisema ngiri ya baba bado ilikuwa inarudi ndani ikisukumwa, na maadamu inarudi, mzee angeweza kula, kutembea na kucheka na watu kama kawaida. Ila ipo siku itatoka na kunasa. Siku hiyo utumbo utabanwa, damu haitapita, na tutakuwa na saa chache tu za kumwahisha kwenye kisu. Nikamuuliza siku hiyo ni lini. Akaniangalia kwa huruma, akasema hakuna anayeijua, na ndiyo sababu alitaka kumpasua mapema.

Nilitoka nje. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la nje akizungumza na mtu asiyemfahamu kuhusu bei ya pamba. Akaniuliza daktari amesemaje. Nikasema amesema watakupasua, baba. Akaitikia kwa kichwa na kuendelea na pamba yake. Hakuniuliza zaidi, nami sikusema zaidi, maana ngiri hukaa mahali ambapo binti hapataji mbele ya baba yake. Nyumbani tuliiita tumbo, na hata hilo tumbo tulilitaja kwa nadra.

Niseme kabisa kwamba mimi ni mwoga, na uoga wangu hutokea mdomoni kama ugomvi. Nikianza kuyapigia kelele masufuria, mama alikuwa anajua kuna kitu kimenitisha. Wiki zile niliyapigia kelele sana.

Miaka hiyo ya tisini kila kitu kilikuwa kinapata mwenyewe mpya. Kiwanda cha kuchambua pamba ambako baba alizeekea akihudumia mashine kilikuwa kimeuzwa. Duka la serikali nilikokuwa keshia lilifungwa, tukapunguzwa kazi kwa kupeana mikono, nami nikaingia sokoni Nyamagana, mjini Mwanza, kuuza mitumba. Hospitali, ambako zamani mtu aliingia na kidonda chake bila kuulizwa kitu, sasa ilikuwa na dirisha la malipo kabla ya mlango wa daktari. Waliita kuchangia gharama.

Mwenye kiwanda mpya aliwaita wastaafu ukumbini akawaambia ataendelea kuwalipia kitanda na dawa za kawaida, lakini upasuaji utakuwa juu ya kila mtu mwenyewe. Haukupita muda akaja ukumbi ule ule bwana mmoja wa kampuni ya bima, amevaa tai, anagawa kofia na soda. Alieleza kuhusu bima ya nyongeza kwa ajili ya wazee. Utakatwa kidogo kwenye pensheni kila mwezi, na siku ya kupasuliwa kampuni itasimama badala yako. Baba alikuwa wa mwanzo kutia sahihi. Kwake yeye, kitu kilichokatwa kwenye mshahara kilikuwa kitu cha kweli, hakihitaji maswali.

Yule bwana hakueleza namna kampuni inavyolipa, au kama alieleza, ilikuwa wakati soda zinafunguliwa. Ilikuwa hivi: hospitali haipasui mpaka ione barua ya dhamana kutoka kwenye kampuni, na kampuni haiandiki barua hiyo mpaka mkaguzi wake amwone mgonjwa kitandani kwa macho yake. Tuliambiwa kuna wazee wanaodai magonjwa wasiyokuwa nayo. Kwa hiyo baba alilazwa wodini ili aonekane. Kutibiwa kungefuata baadaye.

Nilifanya kosa la kumwambia kwamba kuna mgeni kutoka ofisini anakuja kumwona. Nilipofika saa ya kuona wagonjwa nilimkuta amenyoa ndevu kwa maji baridi, amevaa koti lake juu ya nguo za hospitali, ametandika kitanda vizuri na kusimama pembeni yake. Kiti cha pekee alikuwa amekifuta kwa ajili ya mgeni. Akanituma soda.

Mkaguzi alikuwa kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, shati limepigwa pasi, mkoba mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia baba kwa adabu zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Karibu sana, kaa hapo. Hamjambo huko ofisini?"

"Hatujambo. Wewe unaendeleaje?"

"Mimi sijambo. Namshukuru Mungu, sina neno."

Kijana akaandika. Kisha akamgeukia mama, ambaye alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na chupa ya uji mapajani.

"Mama, mzee hasa anasumbuliwa na nini?"

Mama aliinamisha uso akaanza kukunja pindo la kanga. "Tumbo tu, mwanangu. Na lenyewe siku hizi limetulia."

Nilifungua mdomo nikaufunga. Baba alikuwa amesimama palepale, ananisikiliza. Ningesema nini? Nilikohoa tu, nikamsogezea mkaguzi soda yake.

Akanywa soda, akafunga mkoba, akaaga. Sasa, kwetu kisiwani Ukerewe mgeni haachwi atoke peke yake. Ukibaki umekaa mgeni anaondoka, umemfukuza. Baba hakuwa na njia nyingine ya kuishi. Akatoka naye wodini, wakapita korido, wakashuka ngazi, wakavuka uwanja hadi getini, wakizungumza. Mimi nilikuwa nyuma yao, na nilichokiona mimi mkaguzi hakukiona: mkono wa kulia wa baba ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, na ndani ya mfuko ule alikuwa ameikandamiza ngiri isitoke. Alitembea hivyo njia nzima. Getini akautoa mkono wa kushoto kumuaga kijana, akaomba radhi kwa kumpa wa kushoto, akamwagiza awasalimie wazazi wake.

Walipotuita kwenye ofisi ya bima nilikwenda peke yangu. Ilikuwa ghorofani, Nyamagana, chumba chenye pangaboi na madirisha ya kioo cheusi, na dada mmoja wa mapokezi aliyejipaka poda hadi shingoni. Alinisomea taarifa ya mkaguzi. Mgonjwa anasimama na kutembea bila msaada. Mgonjwa anasema hana tatizo. Mke wa mgonjwa anasema ni tumbo na limetulia, wakati cheti cha daktari kinasema ngiri. Mgonjwa amemsindikiza mkaguzi hadi getini. Dhamana ya upasuaji haijatolewa.

"Dada," akaniambia, "huyu mzee ni mzima kuliko mimi."

"Dada," nikamjibu, "baba yangu angemsindikiza mgeni hata kama anakata roho."

Akacheka, akadhani ni mzaha. Nikagomba. Niligomba mpaka mlinzi akaja kusimama mlangoni, na wakati wote nilikuwa najua kwamba nagomba kwa sababu ya hofu na kwamba yule dada hana kosa. Mwishowe akanionea huruma akaniambia tunaweza kuomba ukaguzi wa pili, ila lazima mgonjwa awe kitandani hospitalini, na lazima tusubiri, kwa sababu mkaguzi ni mmoja na anakwenda mpaka Musoma na Bukoba.

Bila barua, hospitali ilimruhusu baba arudi nyumbani. Daktari hakufurahi. Alinirudia maneno yale yale, ikinasa mleteni mbio, kama vile sikuwa nalala nayo na kuamka nayo.

Tulikuwa tunakaa Mabatini, juu kwenye mawe, ambako njia ni ya kushuka kwa kuangalia unapoweka mguu. Tangu siku ile niliitazama njia ile kwa macho mengine. Nilijiuliza tutamshushaje. Nilianza kuwaangalia vijana wa majirani mabega yao, nani ana nguvu, nani huwa nyumbani mchana, nani anashinda ziwani. Nilificha ndoo kubwa ili baba asiibebe, akaenda kuazima ya jirani. Akikohoa, mimi na mama tulinyamaza sote jikoni mpaka kikohozi kiishe. Akipiga chafya nilikuwa nakunja vidole vya miguu. Hatukuambizana kitu na mama, lakini hatukuwahi tena kutoka wote wawili kwa wakati mmoja.

Katikati ya kusubiri kule dada yake baba akafariki huko Ukerewe. Nilimsihi baba asiende. Nikamwambia mama amwambie, mama akamwambia, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza viatu vyake viko wapi. Nikafunga meza ya mitumba nikaenda naye.

Meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, huondoka Mwanza ukiiona nchi pande zote, halafu inafika mahali huoni ila maji. Hapo ndipo baba alipoinuka kwenye benchi, akaenda kwenye reli ya meli na kuwapa watu mgongo. Aliinama. Mkono ulikuwa ndani ya koti. Nilijua imetoka na kwamba anairudisha. Binti hamwendei baba yake akiwa katika hali ile, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumwendea. Nilishika nguzo nikamwangalia mgongo. Mwanza ilikuwa nyuma mno, Nansio haijaonekana, na hata ingeonekana, nani angempasua huko? Nimepata kuogopa mambo mengi maishani, lakini sijapata kuogopa vile. Nilihesabu mawimbi, nikaacha, nikasali, nikaacha na kusali.

Alirudi akifuta jasho la uso kwa leso.

"Ziwa limetulia leo," akasema.

"Ndiyo, baba," nikasema.

Tulizika, tukarudi, na siku chache baadaye ofisi ikatuma ujumbe kwamba mkaguzi amerudi kutoka safari na atapita. Daktari akakubali kumlaza baba tena. Jioni kabla ya kwenda tulikaa sebuleni watatu, na safari hii nilijikaza nikasema.

"Baba, kesho kutwa yule kijana akija, naomba ulale kitandani. Usivae koti. Akikuuliza habari, mwambie unaumwa. Na akiondoka, baba, nakuomba, usimsindikize."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia aende sokoni bila suruali.

"Niigize ugonjwa?"

"Si kuigiza. Unaumwa kweli."

"Saa hii siumwi. Unataka nijilaze nijiitie ugonjwa kwa mdomo wangu, mbele ya mtu mgeni. Ukiuita ukaja je?"

Na mimi nilikuwa naogopa jambo hilo hilo. Kwetu mtu hasemi ninakufa. Husemi hata homa imezidi. Unasema anaendelea vizuri, na watu wanaelewa, wanaleta kuku na kukaa. Yule mkaguzi naye lazima kwao walisema hivyo, kijana yule, lakini alikuwa ameajiriwa kuandika yanayosemwa.

Mama ndiye aliyemaliza mazungumzo. Hakupandisha sauti. Alisema, "Baba wanangu, mimi sijawahi kukuomba kitu kwa ajili yangu. Lala." Baba akasema, "Haya. Nitalala." Nikaenda jikoni nikalia kwa furaha.

Mkaguzi alikuja asubuhi, nje ya saa ya kuona wagonjwa, kwa hiyo ndugu hatukuruhusiwa wodini. Mama alikaa kwenye benchi chini. Mimi nilimbembeleza nesi aniache nisimame kwenye baraza, karibu na mlango, nisiingie. Kitanda cha baba kilikuwa upande wa pili na sikukiona. Niliona mkoba wa mkaguzi ukipita, nikasikia shikamoo yake, sikusikia marahaba. Nikasema moyoni, vizuri, sauti ameipunguza. Nikasikia kijana anauliza na kunyamaza, anauliza na kunyamaza. Hapakuwa na soda. Hapakuwa na kicheko. Nilikuwa nimeshika kidevu kwa mikono miwili nikimwambia baba kimoyomoyo, hapohapo, baba, usiinuke, usiinuke.

Kijana akatoka. Alikuwa peke yake.

Alinipita, akanisalimia, akasema taarifa itakuwa nzuri safari hii, kisha akaenda zake koridoni. Nilimwangalia mpaka akaanza kushuka ngazi, nikingoja koti la baba litokee nyuma yake. Halikutokea. Nilifurahi kiasi cha kusahau kwamba siruhusiwi, nikaingia wodini karibu nikikimbia.

Baba alikuwa amelala ubavu, magoti ameyavuta juu, ameelekea ukutani.

"Asante, baba," nikasema.

"Asante ya nini?"

"Hukumsindikiza."

Hakugeuka. "Nilitaka kuinuka," akasema. "Miguu imekataa."

Nilipomshika bega shati lilikuwa limelowa. Nilizunguka kitanda nikamwona uso. Ulikuwa wa rangi nisiyoijua, na midomo imemkauka.

"Baba, imeanza lini?"

"Alfajiri."

"Alfajiri! Na nesi hajapita?"

"Amepita. Alinisalimia, nikaitikia."

Sikumbuki vizuri nilivyotoka pale. Nakumbuka nimesimama katikati ya wodi ya wanaume nikisema kwa sauti ya juu, mbele ya wagonjwa na wafagiaji, kwamba baba yangu ana ngiri, imetoka kinenani na imenasa tangu alfajiri, na kwamba amwone daktari sasa hivi. Nililitaja lile neno ambalo tangu nizaliwe sikuwahi kulitaja mbele yake. Baba alifumba macho. Nesi alikuja, akafunua shuka, akaiona, akatoka mbio bila kunijibu.

Daktari hakuuliza barua iko wapi. Alimbonyeza mara moja, baba akatoa sauti, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia baba yangu akiguna kwa maumivu. Wakamweka kwenye kitanda cha magurudumu. Chini, mama aliletewa karatasi ya kukubali kwamba ndugu watabeba gharama kampuni isipolipa, akatia dole gumba pasipo kusomewa. Alipouliza baba ana nini, nikamwambia ni tumbo, mama. Hata pale nilisema tumbo.

Tulikaa nje ya chumba cha upasuaji. Mama alikuwa bado ameshika chupa ya uji. Nilikuwa napiga hesabu ya saa tangu alfajiri na ile hesabu ilikuwa inakataa. Kila mlango ulipofunguka mama alisimama, na kila alipokaa tena alisema, "Anaendelea vizuri," ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Walikata kipande cha utumbo kilichokuwa kimekufa, wakaunganisha uliobaki. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu tusingekuwa na cha kuunganisha. Barua ya dhamana iliandikwa siku ile ile mchana, kwa sababu kweli taarifa ilikuwa nzuri: mgonjwa hawezi kusimama, mgonjwa hajibu salamu. Lakini ilifika hospitalini baba akiwa ameshashonwa, na kampuni ikasema dhamana hailipi upasuaji uliofanyika kabla yake. Nikapanda tena ile ghorofa, nikagomba tena na yule dada wa poda, safari nyingi, mpaka wakalipa. Sikuwashukuru.

Baba aliishi miaka mingine baada ya hapo, akarudi kusindikiza wageni wake hadi chini, mwisho wa mawe, mkono sasa ukiwa nje ya koti. Watu wa nyumbani walisahau. Mimi sikuweza. Kila asubuhi nilimwamkia, naye akaniitikia kwa sauti ile ile ya uchangamfu kwamba hajambo, na sikumwamini hata siku moja. Nilikuwa nasimama mlangoni nikijifanya natafuta kitu, nimwangalie anavyoinuka kwenye kiti, mkono unashika wapi, uso unakunjika au haukunjiki. Akiinuka vizuri ndipo nilipokwenda sokoni. Asubuhi ya mwisho nilimwamkia akiwa hajainuka kitandani, akaniambia sijambo mwanangu, nenda tu, utachelewa. Nikavua viatu nikakaa chini kando ya kitanda, na mchana wake akafariki.